Laptopu ya Mama na Sentensi Iliyokatika

Nyumbani kwa Mama Benedeta,
Masafu, Busia,
Uganda.

9 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Isaac,

Pokea salamu za dada yako Loy, nazo uzipokee kwa mikono miwili maana zimetoka mbali. Hujambo? Kile kifua kilichokusumbua mwezi wa tisa kimepona, au bado unakohoa na kusema ni vumbi? Nasikia huko Winnipeg theluji imeshaanza kuanguka. Unakula chakula cha kuchemka, au bado ni mkate asubuhi na mkate jioni? Namwomba Mungu akushike, maana sisi hatuwezi kukufikia hata kwa blanketi.

Huku tunaendelea. Mimi mgongo unanisumbua lakini natembea. Mama yupo. Sisemi mzima, nasema yupo, na habari zake ndizo zilizonikalisha chini niandike.

Najua utashangaa kuona karatasi. Kwa simu mimi na wewe tunaishia kwenye salamu. Nikikaribia neno lenyewe, mtandao unakatika au unaitwa kazini, na kusema kweli mara nyingine ni mimi ninayeogopa kulisema. Barua hii ataibeba Shallon, binti wa Mzee Okurut wa Tororo, anayekuja huko kusoma. Mtafutie koti, hajui baridi. Nimempa na karanga zako, uhesabu kwamba ameonja.

Mvua imenyesha vizuri mwaka huu. Mihogo imeshika, na maharage ya upande wa kinamasi yamezaa mpaka tumegawa kwa majirani. Samaki pale sokoni Busia wamepanda bei, kwa hiyo kibanda changu nakifungua siku za soko tu. Siku nyingine niko hapa na Mama.

Sasa nije kwenye laptopu yako.

Ulipoituma kwa mkono wa Emmy, nilikasirika, sikufichi. Nilisema mtu ameomba pampasi za wazee ametumiwa jiwe la kusagia. Ilikuwa nzito, ya zamani, na herufi zake zimefutika kwa vidole vyako. Lakini Trevor wa shangazi Felistus, yule anayeuza simu upande wa Kenya, aliiwekea programu ya kusoma kwa sauti. Mama anabonyeza herufi, na kila neno analolimaliza linatamkwa na mashine. Na wewe unajua Mama alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya serikali ya gombolola miaka yote ile. Kiharusi kilimchukulia mdomo na mkono wa kulia, lakini hakikuchukua mahali herufi zinapokaa. Kidole kimoja cha kushoto kilienda chenyewe.

Neno lake la kwanza baada ya miezi yote ya ukimya lilikuwa: "Chai haina sukari." Nilicheka mpaka nikalia, halafu nikalia mpaka Mama akaandika: "Sukari, Loy."

Sauti yenyewe ni ya mwanamke nisiyemjua, Kiswahili kimenyooka kama amemeza kamusi. Sisi watoto wa reli, tuliolelewa Tororo na Kiswahili cha marehemu Baba cha stesheni, tulikuwa tunajiona tunajua. Huyu mwanamke ametushinda. Lakini akitaja jina la babu yetu la Kisamia, analivunja mpaka mbuzi wanageuka. Mama naye huwa anatabasamu kwa upande ule mmoja wa mdomo.

Kwa vile ni kitu cha thamani, nilikifumia kitambaa. Uzi wa sufu, manjano na buluu, na pindo la mawimbi kuzunguka. Nyumba gani yenye heshima inaiacha televisheni uchi, sembuse kinywa cha mama yako? Nilikifuma kikafunika laptopu yote, nikaacha nafasi ya kioo na herufi tu, na chini nikatandika blanketi mapajani pa Mama ili isimuumize. Kila mgeni alikisifu. Kumbuka hicho kitambaa, nitakirudia.

Ndugu yangu, jambo lililotufikisha pabaya ni la baba mdogo Odwori. Alianza kwa upole, kama kawaida yake. Akasema mwenye shamba hajiwezi, kinamasi kinakaliwa na maharage ya dada Loy, na dada Loy ameolewa akaachika, hana kwake. Afadhali ukoo ukae, shamba ligawanywe sasa, na Mama ahamishiwe kwake akatunzwe. Mama akatunzwe na mke wa Odwori! Yule ambaye hata kuku wake wanakula kwetu.

Nilimwambia Mama hataki. Akaniuliza nimejuaje. Hapo ndipo ninaposhindwa, Isaac. Kabla laptopu haijaja, nilikuwa na kipande cha katoni chenye alfabeti, Mama ananyoosha kidole, mimi nasoma. Nikaisoma mbele ya wazee mara moja tu. Odwori akatikisa kichwa akasema, "Hiyo ni maneno ya Loy, hapana ya Benedeta." Na wote wakaitikia kwa kukohoa. Ningefanya nini? Ningemfungua Mama kifua waone?

Kwa hiyo laptopu ilipokuja nilijua ni shahidi. Mashine haina shamba, haijaachika, haina cha kurithi. Kikao kilipoitwa mwezi wa nane nilimvika Mama gauni la kanisani, nikamweka kwenye kiti chake, laptopu mapajani juu ya blanketi, kitambaa kikiwa kimefuliwa na kupigwa pasi. Wazee walikuja. Cha kuchekesha ni kwamba tangu mashine ije, na wao kikaoni wanasema Kiswahili kitupu bila kuchanganya na Kisamia, kana kwamba itawaelewa.

Mama akaanza. Polepole, neno kwa neno, na yule mwanamke wa kamusi akitamka: "Kabla. Hamjagawa. Chochote. Nataka. Isaac."

Ikazima.

Ilikuwa imenguruma ndani kama kinu cha unga, mimi nikadhani ni bidii. Nikaigusa chini, ilikuwa inaunguza. Nikabonyeza, nikabonyeza tena. Kioo cheusi. Kidole cha Mama bado kilikuwa juu ya herufi, kinabonyeza peke yake.

Penye wengi pana mengi. Odwori alikuwa wa kwanza: "Anataka Isaac akubali. Sasa Isaac ni kijana yangu, mimi nitamupigia." Shangazi Felistus akasema la, anataka Isaac ajenge nyumba ya matofali hapa, ndiyo ndoto yake ya siku zote. Mzee mmoja wa kanisani akasema mama akimtaja mwana wa kiume mahali kama pale, ni wazi anampa shamba. Kila mtu aliujaza mdomo wa Mama kwa tonge lake mwenyewe.

Na mimi, Isaac? Mimi nilifikiri kama yule mzee wa kanisani. Nilifikiri shamba amekupa wewe. Niliumia. Ni mimi ninayemgeuza asipate vidonda, ninayemlisha uji kwa kijiko, ninayemfua, na siku ya kusema neno moja mbele ya ukoo anakutaja wewe uliye mbali. Nilikwenda nyuma ya jiko nikakaa kwenye kuni. Sikukuchukia. Nilikuonea wivu tu, na wivu wa mtu mzima ni mchungu kuliko wa mtoto kwa sababu hauna pa kulilia.

Baadaye nilimwuliza Mama aniambie mimi peke yangu. Nilimletea katoni ya alfabeti, akaigeuza kifudifudi. Nikamwuliza, Isaac apewe shamba? Akafumba macho, hataki kujibu. Isaac ajenge? Akafumba tena. Trevor akajaribu kuiweka ile sauti kwenye simu, lakini kidole cha Mama kilikuwa kinabonyeza herufi tatu kwa mpigo. Mama akaisukuma simu, akaweka mkono juu ya laptopu iliyokufa na kuuacha pale. Unamjua. Barua aliyoianza kwa mashine moja hakuimalizia kwa mashine nyingine, hata bosi wa gombolola angepiga kelele namna gani.

Odwori akasema tutangoja, lakini si milele. Akataka kikao kingine baada ya mavuno.

Laptopu ilikuwa inawaka kila tukiiacha ipoe, halafu baada ya muda mfupi inanguruma na kuzima. Maneno mawili, matatu, basi. Trevor akasema, "Siz, hii ni mashine ya kitambo, inaishiwa na pumzi. Tukiitoa prosesa tuweke ingine ya nguvu, itaongea bila kukwama." Prosesa, kwa vile nilivyoelezwa, ndiyo bongo lenyewe, kijibamba kidogo kama biskuti. Mimi nilisikia "itaongea bila kukwama" na sikuuliza la pili.

Tukaenda Tororo kwa fundi anayeitwa Elungat, kijana wa Kiteso mwenye kibanda karibu na stendi, mkimya, miwani imefungwa kwa waya. Mama nilimwacha na jirani. Elungat akaigeuza laptopu, akatoa skrubu moja baada ya nyingine na kuzipanga kwenye kifuniko cha kopo. Alipofungua mgongo, akainama karibu zaidi. Kisha kwa kibano akaanza kuvuta kitu ndani ya feni. Akavuta, akavuta. Sufu, Isaac. Manjano na buluu, imesokotana na vumbi kama kiota cha ndege.

Akaniangalia. "Mama, hii kitambaa ni wewe ulifunika?"

Nikasema ndiyo.

"Ni mzuri," akasema. Hakusema zaidi, Mungu ambariki. Lakini nilielewa. Kitambaa changu kilikuwa kinamziba Mama mdomo kila siku, na mimi nilikuwa nakipiga pasi.

Halafu akanionyesha ugonjwa wa pili. Juu ya prosesa hupakwa dawa laini, wanaiita pesti, ambayo inapokea joto na kulipeleka kwenye bomba la shaba ili feni ilipoze. Ile yako ilikuwa imekauka kama uji uliogandia sufuria. Akaifuta kwa pamba na spiriti mpaka kile kijibamba kikang'aa nikajiona uso. Akasema tukipaka pesti mpya na kusafisha feni, inatosha.

Hapo tungeshukuru na kurudi nyumbani. Lakini Trevor alikuwa na ile hadithi yake ya nguvu, na mimi nilitaka Mama azungumze kama mtu asiyeugua. Tamaa mbele, mauti nyuma. Elungat alikuwa na prosesa kubwa zaidi aliyoitoa kwenye laptopu iliyovunjika kioo. Akasema, "Inaweza kubali, inaweza kataa. Naogopa kidogo." Nikamwambia aweke. Ni mimi niliyesema, si Trevor.

Akaitoa ya zamani, akaiweka juu ya kitambaa chake cha kufutia. Akaingiza mpya, akapaka pesti tone dogo, akafunga, akawasha. Taa ikawaka, feni ikazunguka vizuri, bila kelele. Kioo kikabaki cheusi. Akazima, akatoa betri, akawasha tena. Kimya. Akachomoa hiki, akachomeka kile. Kimya. Trevor alianza kusema maneno ya Kiingereza, na mtu wa hapa akianza Kiingereza ujue mambo yameharibika.

"Ubao wake haijui hii prosesa," Elungat akasema mwishoni. "Imekataa. Narudisha ile ya mwanzo."

Akaichukua ile ya mwanzo, akaigeuza juani, akaisogeza karibu na miwani. Chini ya prosesa kuna vijiguu vingi vidogo kuliko meno ya dagaa. Kimoja kilikuwa kimelala. Labda kilipinda wakati wa kuitoa, labda wakati wa kuiweka chini, nani ajuaye. Akachukua wembe, akaniambia akikinyoosha vibaya kitavunjika, na kikivunjika basi.

Nilisimama pale, Isaac, mikono yangu haina kazi. Mtu ambaye ameinua kila kitu katika nyumba ile, anayemwinua Mama mwenyewe kitandani, nimesimama nikitazama wembe wa kijana nisiyemjua ukigusa kitu nisichokiona. Sikuweza hata kuomba kwa maneno. Nilisema tu "Baba, Baba," na sijui kama nilikuwa namwita Mungu au Baba yetu wa reli. Trevor alitoka nje. Umeme nao ukapotea, feni ya ukutani ikasimama, na Elungat akasogea mlangoni kwenye mwanga bila kuinua macho.

Kikanyooka. Akairudisha, akapaka pesti upya, akafunga skrubu zote. Tukangoja umeme kwa sababu betri yako nayo ni marehemu. Umeme uliporudi akawasha, na kile kioo chako chenye picha ya treni kikatokea. Nilimkumbatia yule kijana mbele ya wateja. Akasema tu, "Usifunika tena. Weka juu ya mbao, pahali ngumu."

Kwa hiyo Mama amebaki na bongo lake la zamani, taratibu vilevile. Lakini halichemki. Linamaliza.

Kikao kilikaa Jumamosi iliyopita. Laptopu niliiweka juu ya ubao wa kukandia chapati, bila blanketi, bila mapambo. Odwori alikuja na wanawe. Mama hakungoja sala iishe. Akaanza upya, tangu neno la kwanza, kama mpiga chapa anayetupa karatasi iliyochafuka. Watu wote walikuwa wanatazama kidole kile. Ikafika "Isaac". Mashine haikuzima. Nakuandikia maneno yake kama yalivyotamkwa:

"Kabla hamjagawa chochote, nataka Isaac aje ampokee dada yake mzigo. Mzigo wenyewe ni mimi. Loy amechoka. Hatasema."

Kisha akaondoa kidole.

Odwori alivua kofia yake. Akaiweka magotini, akasema kwa sauti ndogo, "Hiyo hapana maneno ya Loy." Hakuna aliyegusa tena habari ya shamba. Walikunywa chai, wakaondoka mmoja mmoja, na kila aliyepita alinishika bega kama tuko msibani.

Isaac, sijawahi kumwambia Mama kwamba nimechoka. Ninaimba nikimwogesha. Ninatania. Nilidhani nimeficha vizuri, kumbe alikuwa ananisoma siku zote, na mimi nikakaa kwenye kuni nikikuonea wivu kwa neno lililokuwa langu. Tangu Jumamosi siimbi tena. Sijui kama ni nafuu au ni aibu. Namwogesha, ananitazama, na mimi namwacha aone.

Sasa ndiyo maana niliogopa simu. Nayajua makaratasi yako. Najua ukitoka huko kabla watu wa uhamiaji hawajakujibu, mlango unafungwa nyuma yako na miaka yote hiyo imekwenda na maji. Siwezi kukuambia uje. Na siwezi kukuambia usije, maana Mama hakuagiza pesa wala nyumba ya matofali, na Odwori amesema ukoo utangoja jibu lako. Nimegeuza jambo hili kila upande, sina la kukushauri. Mimi ni dada yako mkubwa, nilikuvusha barabara ya Malaba kwa mkono, na leo sijui nikuvushe wapi. Nimekuletea neno kama lilivyo. Lifanye unavyoweza, sitakulaumu, na Mama nitaendelea kumshika.

Shangazi Felistus anakusalimu na kusema bado ile nyumba ya matofali anaiona. Trevor anaomba radhi kwa prosesa. Emmy anauliza kama viatu alivyokupa vilikutosha. Hata baba mdogo Odwori amesema nikuandikie salamu zake, na nimeziandika.

Mungu akufunike mahali blanketi letu halifiki, akupe kazi isiyokuumiza na usingizi usio na mawazo.

Nimemwuliza Mama kama ana neno la kuongeza kabla sijafunga bahasha. Nimemsogezea laptopu, ikiwa imewaka na kupoa, na nimengoja. Ameitazama, ameniangalia mimi, kisha ameifunga mwenyewe kwa mkono wake wa kushoto.

Dada yako anayekupenda na kukungoja bila kukuita,

Loy